Nani Anachuma Tunda la Mwisho? Wadudu wa Kahawa ya Nyumbani Tarime na Serengeti

Geuza tunda la kahawa linaloanza kuiva, utazame upande wa kitovu, pale ua lilipodondokea. Ukikuta kitundu cha mviringo kinachotosha kupitisha ncha ya pini, ndani yake yumo mama na wanawe. Mama huyo ni ruhuka, mbawakavu mweusi asiyefikia milimita mbili, ambaye wanasayansi humwita Hypothenemus hampei. Alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1867, kutokana na punje za kahawa zilizokuwa zimekwishafika Ulaya kibiashara. Tangu hapo ameifuata kahawa karibu kila inakolimwa: Brazil mwaka 1913, Kolombia 1988, Hawaii 2010. Asili yake ni Afrika ya Kati, kwa hiyo sisi wa Kanda ya Ziwa hakutujia kutoka mbali.

Mkulima anayeviona vitundu hivyo hukimbilia duka la pembejeo kuuliza dawa inayoua. Ni haki yake kuuliza. Ila katika kahawa ya nyumbani, dawa ni jibu la swali la tatu au la nne. Swali la kwanza ni hili: msimu ulipokwisha, nani alichuma tunda la mwisho mtini, na nani aliokota lile lililoanguka chini? Wadudu wa kahawa wa Tarime na Serengeti wanalitegemea jibu la swali hilo kuliko wanavyotegemea kitu kingine chochote. Na sababu zinazofanya tunda liachwe ni za mfukoni na za sokoni kabla hazijawa za elimu ya wadudu.

Mibuni iliyouzunguka mji

Kutoka ukingoni mwa Ziwa Viktoria, lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ardhi ya Mara ya kaskazini hupanda hadi kwenye miinuko ya Tarime, ambako hewa ni ya baridi kiasi cha kuifaa arabika. Huko kahawa si shamba kubwa lenye mistari isiyo na mwisho. Ni mibuni mia chache, pengine chini ya hapo, iliyouzunguka mji, yaani boma la kaya, pamoja na migomba, maharage, mahindi na mboga za jikoni. Mbuzi hufungwa pembeni, na majani ya mgomba hukatwa kwa ajili ya ng'ombe. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungo mkoani Kilimanjaro, ina kituo kidogo katika mji wa mpakani wa Sirari, na ushirika wa mkoa, WAMACU, hukusanya kahawa kupitia vyama vya msingi. Wilayani Serengeti kahawa ni ya wachache zaidi. Huko pamba, tumbaku, mahindi na mifugo ndivyo vinavyochukua nguvu za watu, na ardhi inaposhuka kuelekea hifadhini joto huongezeka na mvua hupungua.

Jambo hili la kahawa kuwa ya nyumbani lina uzito katika suala la wadudu. Anayepuliza sumu kwenye mbuni wa nyumbani hapulizii mbuni peke yake. Matone yanadondokea maharage yatakayochumwa keshokutwa, mchicha wa jioni na majani ya mgomba anayopewa ng'ombe wa maziwa. Watoto wanachezea pale pale. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya Brazil, ambako trekta hupita na kaya haipo, hauwezi kuhamishiwa mjini kwa mtu bila kupimwa upya.

Joto nalo lina neno lake. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya namna ruhuka anavyovumilia joto na baridi. Chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi hawezi kukua. Kati ya 20 na 30 hustawi. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wakulima wa arabika wa Afrika Mashariki walio juu ya mita 1,500 walimwona ruhuka kuwa shida ya watu wa chini. Baridi iliwalinda bila wao kuilipia. Kila joto la wastani linapoongezeka, ulinzi huo hupanda mlima na kumwacha mkulima nyuma. Tarime ipo hasa kwenye ukanda huo wa mpito, na mashamba ya Serengeti yaliyo chini kidogo yameshauvuka. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba zamani mdudu huyu hakuwasumbua anaweza kuwa anasema kweli tupu, bila kuwa amebadilisha chochote katika ulimaji wake.

Kuna jingine ambalo ni letu hasa: mvua zetu ni mbili. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli huanza karibu na Septemba au Oktoba. Mbuni huchanua baada ya ukavu unaofuatwa na mvua, hivyo hapa huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na tunda la arabika huchukua miezi saba hadi tisa tangu ua hadi kuiva. Ukihesabu utaona kwamba mti uleule hubeba vitoto vya tunda, tunda la kijani lililokomaa na tunda jekundu kwa wakati mmoja. Kwa mchumaji ni usumbufu. Kwa ruhuka ni chakula kisichokatika.

Maisha ndani ya punje

Jike la ruhuka hutoboa kitovuni na kuchimba njia hadi kwenye punje. Tunda likiwa bado changa, punje ni laini na ina maji mengi, yeye husubiri mlangoni, mwili wake ukiwa nusu ndani nusu nje, wakati mwingine kwa majuma kadhaa. Punje inapoanza kuwa ngumu, miezi mitatu hadi minne hivi baada ya ua, huingia na kuanza kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mabuu hula punje kutoka ndani. Katika hali ya joto la wastani, mwezi mmoja hivi hutosha yai kuwa mbawakavu kamili. Wanaozaliwa ni majike wengi mno, karibu kumi kwa dume mmoja. Dume hana mabawa ya kurukia, huwapanda dada zake humohumo ndani na kufia humo. Jike linapotoka nje limeshabeba mimba na halihitaji kumtafuta mwenza yeyote. Linahitaji tunda tu.

Maelezo haya yana matokeo mawili kwa anayeshika bomba la kupulizia. La kwanza ni kwamba mdudu aliyeingia ndani ya punje hafikiwi na dawa ya kawaida. Kipindi cha kumgusa ni kile kifupi anaposubiri mlangoni, na katika nchi ya mvua mbili kipindi hicho hakiji kwa pamoja kwa matunda yote, kwa sababu matunda hayalingani umri. Anayepuliza leo ameua waliopo mlangoni leo. Walio ndani wako salama, na watatoka juma lijalo. La pili ni kwamba kwa kuwa ndugu huzaa na ndugu kizazi baada ya kizazi, usugu ukitokea hukaa. Dunia imeshaliona hilo. Kwa miongo mingi silaha kuu dhidi ya ruhuka ilikuwa endosalfani. Kule Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki, wadudu sugu waliripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2011 endosalfani yenyewe iliingizwa katika orodha ya sumu zinazopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm kwa sababu inadumu katika mazingira na kuwadhuru watu. Klorpirifosi, iliyozoeleka pia katika mashamba ya kahawa, ilinyimwa idhini na Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na wanunuzi wa kahawa wa huko hupima mabaki yake. Mkulima aliyeijenga kinga yake yote juu ya chupa anaijenga juu ya kitu kinachoweza kuondolewa dukani, au kinachoweza kumfungia soko.

Sasa tufuate njia ya mdudu baada ya mavuno. Mchumaji amepita mara ya mwisho. Juu mtini yamebaki matunda machache, mengine yamekauka yakawa meusi, mengine ya kijani aliyoyaruka. Chini kuna yaliyodondoka. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti majike hujikusanya ndani ya matunda hayo makavu bila kutoka, makumi katika tunda moja. Unyevu wa mvua za kwanza ndio unaowatoa, na wanapotoka wanakuta kizazi kipya cha matunda kinaanza kukomaa. Tuseme tunda moja limehifadhi majike 20, na mti umeachiwa matunda 50: mti huo utatoa majike 1,000, kila moja likitafuta tunda lake. Shamba la mibuni 200 halihitaji ruhuka kutoka kwa jirani, limejitosheleza.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kuchuma. Kolombia, baada ya kuvamiwa mwaka 1988, ilitumia fedha nyingi katika sumu, katika kuvu na katika nyigu wanaomshambulia ruhuka, na ushauri ambao watafiti wake wameushikilia kuliko wowote ni huu wa kuchuma mara kwa mara na kurudia mabaki. Katika mashamba yetu madogo ushauri huo hufaa zaidi kuliko kule, maana mtu mwenye mibuni 150 anaweza kweli kuifikia yote. Chuma matunda yaliyoiva kila baada ya wiki mbili, si kusubiri mti wote uwe mwekundu. Msimu ukiisha, pita tena ukiondoa kila tunda lililobaki, liwe bivu, kavu au la kijani lenye tundu. Tandaza turubai au magunia chini ya mti kabla ya kuchuma, kwa sababu kuokota tunda kwenye majani makavu ni kazi inayokatisha tamaa na ndiyo ya kwanza kuachwa.

Yaliyotobolewa yasitupwe kwenye jaa. Yachemshwe, au yafungwe ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani siku kadhaa, au yazikwe kina cha nusu mita. Ukiyatupa juu ya mboji karibu na mibuni umewahamisha tu makazi.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaufungi, nao upo nyumbani. Matunda yaliyochumwa hukaa kibarazani ndani ya magunia usiku mzima yakisubiri kumenywa, au huanikwa kama buni kwa wiki kadhaa hatua chache kutoka mibuni ilipo. Ruhuka aliye ndani anaendelea kuzaa hadi punje ikauke chini ya asilimia 12 au 13 ya unyevu, na anayetoka huruka kurudi shambani. Dawa yake ni nyepesi: matunda yamenywe siku ileile, yale ya kuanika yaanikwe juu ya vichanja na kufunikwa vizuri usiku, gunia la mavuno lifungwe mdomo mara linapojaa. Wakati wa kumenya, mimina kwanza matunda ndani ya ndoo ya maji. Yanayoelea mengi ni yale yaliyoliwa ndani au yasiyojaa. Ndoo hiyo ni kipimo kizuri zaidi cha hali ya shamba kuliko maneno ya mtu yeyote, kwani humwonyesha mkulima kwa macho yake, wiki baada ya wiki, kama mdudu anapungua au anaongezeka. Ningependa kila kaya iandike idadi ya makopo ya yaliyoelea katika daftari.

Kwa anayetaka kipimo kabla ya mavuno, apite shambani kwa njia ya kupinda-pinda, achague mibuni kama 30, au 10 kama shamba ni dogo sana, na katika kila mti ahesabu matunda ya tawi moja la katikati na yale yenye tundu. Yakizidi matano katika mia, hali inahitaji kazi ya haraka. Wakolombia hushtuka mapema zaidi, hata kwenye mawili katika mia. Mimi nadhani kwa mkulima wa nyumbani namba yenyewe si muhimu kama kurudia kuhesabu.

Mitego nayo imesifiwa sana. Chupa ya plastiki iliyokatwa dirisha, ikapakwa rangi nyekundu, ikatiwa maji ya sabuni chini na kichupa cha mchanganyiko wa spiriti za ethanoli na methanoli juu, huwavuta majike wanaoruka. Inafanya kazi, hasa katika majuma ya mvua za kwanza. Lakini ruhuka walio ndani ya matunda hawaruki, na mtego hauwafikii. Uufanye mtego kuwa mtoa habari, si mkombozi. Na methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, isiwekwe katika chupa ya kinywaji na isikae ndani ya nyumba yenye watoto au yenye mtu anayependa pombe.

Kwa nini tunda huachwa

Hakuna mkulima asiyejua kwamba shamba safi ni bora. Ukimwuliza kwa nini ameacha matunda mtini, hatakupa jibu la ujinga. Atakupa jibu la hesabu. Mzunguko wa mwisho wa kuchuma hutoa debe moja pale ambapo mizunguko ya katikati ilitoa kumi, lakini miguu inayotembea ni ileile na siku ni ileile. Kibarua anayelipwa kwa debe hataki mzunguko huo hata kidogo. Kwa hiyo kazi humwangukia mama wa nyumba na watoto, ambao wakati huo wana maharage ya kupalilia, maji ya kuchota na shule.

Ongeza mvuto wa kazi nyingine. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na uchimbaji mdogo wa dhahabu umeizunguka Nyamongo. Kijana anayeweza kujaribu bahati yake kwenye udongo wa dhahabu hatatumia Jumamosi kuokota matunda makavu chini ya mibuni ya baba yake. Wilayani Serengeti tumbaku na pamba zina kalenda yao. Mifugo haina likizo.

Kisha bei. Kahawa ya Tarime inalimwa kando ya mpaka, na kila bei ya upande wa pili inapokuwa nzuri zaidi, au malipo ya upande huu yanapochelewa, gunia hujua njia ya kuvuka kwenda Isebania, upande wa Kenya. Serikali imeliita jambo hilo magendo na kulipiga vita. Kwa mtazamo wa mdudu, kinachohusika ni tabia inayozaliwa na hali hiyo: kuchuma kwa haraka kila kilichopo siku mnunuzi anapopita, kisha kuliacha shamba hadi msimu mwingine. Bei ikianguka, shamba huachwa kabisa. Mibuni haifi kwa kuachwa. Huendelea kuzaa matunda machache yasiyochumwa na mtu, mwaka mzima, na hiyo ndiyo nyumba bora kuliko zote aliyowahi kupewa ruhuka.

Ndiyo maana nashindwa kukubaliana na mafunzo ya wadudu yanayoishia kwenye picha za wadudu. Afisa ugani akimfundisha mkulima hatua zote za usafi wa shamba bila kugusa nani atazifanya na kwa malipo gani, amemfundisha nusu. Debe la mwisho linapaswa kupata thamani yake lenyewe.

Kunguni, bungua na wengine

Kunguni wa kahawa ni adui wa namna nyingine. Ni mdudu bapa wa umbo la ngao, mwenye mabaka meusi, ya chungwa na meupe, anayefyonza vitumba vya maua na matunda mabichi. Tunda changa alilolifyonza hudondoka. Lililokomaa hubaki, lakini punje yake hutoka na madoa meusi kwa sababu mdomo wake huingiza vijidudu vya kuvu. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo amehusishwa na kasoro inayowaudhi wanunuzi kuliko nyingine, kahawa kunuka na kuonja kama kiazi kibichi, ambapo punje moja huharibu kikombe kizima. Kwa idadi huhitajika wachache sana: wawili kwa kila mbuni wametosha kwa muda mrefu kuwa kiwango cha kuchukua hatua katika mashamba ya Kenya, na katika maeneo yenye unyevu mwingi mmoja.

Kunguni hupenda mti mnene, wenye giza ndani. Kupogolea, kuondoa machipukizi na kuacha mashina mawili au matatu yanayopitisha mwanga ndiyo kinga yake ya kwanza, na inapunguza pia ugonjwa wa chulebuni. Inapobidi kupuliza, pareto, zao linalolimwa Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ilikuwa silaha ya wakulima wa Kenya dhidi yake tangu enzi za ukoloni, na haidumu muda mrefu juu ya mboga zilizo chini ya mibuni. Shamba la watu wachache linaruhusu hata kumwokota kwa mkono asubuhi mapema, wakati bado amezizima kwa baridi.

Hapa pana mgongano ambao vijitabu hupita juu yake. Ruhuka hupenda joto, na utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kwamba mibuni iliyo kivulini hushambuliwa naye kidogo kuliko iliyo juani. Kwa hiyo miti ya kivuli kama mgomba na mgrivelia ni msaada. Kivuli hichohicho kikizidi humkaribisha kunguni na kuvu wa majani. Jawabu langu ni kutenganisha kivuli cha juu na msongamano wa ndani. Miti mirefu iliyotawanyika juu ya mibuni ibaki, hasa katika mashamba ya Serengeti na miteremko ya chini ya Tarime ambako joto ni tatizo. Mbuni wenyewe uwe wazi ndani. Aliye juu sana, kwenye ukungu wa asubuhi, anaweza kupunguza miti ya juu bila hofu. Mtu asikate migrivelia yake yote kwa sababu ya kusikia neno kupogolea.

Bungua mweupe hali tunda, ila anaua mti unaolizaa. Buu lake huzunguka chini ya gamba karibu na ardhi kisha hutoboa shina, na huweza kukaa humo zaidi ya mwaka mmoja. Unga wa mbao chini ya mti na majani ya njano ndizo dalili. Mbawakavu wazima hutoka mvua zinapoanza na kutaga kwenye gamba lenye nyufa. Sugua shina la chini liwe laini kabla ya mvua, lipake chokaa, mchokoe buu kwa waya tundu linapoonekana, na mti uliokwisha kuliwa ung'olewe uchomwe. Vidugamba kwa kawaida si wa kuogopwa sana, ila wanapolindwa na sisimizi wanaokula utamu wao. Kata matawi yanayogusa ardhi, sisimizi wakose ngazi, na maadui wa vidugamba watafanya kazi yao.

Maadui hao wa wadudu wanastahili heshima zaidi ya wanayopewa. Mwaka 1929 Brazil ilichukua kutoka Uganda nyigu mdogo anayeitwa Prorops nasuta, anayeingia ndani ya tunda na kuwala watoto wa ruhuka. Ni wa kwetu, wa ukanda huu wa ziwa. Wengine walivuka bahari kumfuata. Msimu wa mvua, ukimkuta ruhuka amefia mlangoni akiwa amefunikwa na unga mweupe kama pamba, ameuawa na kuvu wa Beauveria, ambaye siku hizi hutengenezwa hata viwandani. Kila mpulizo usiochaguliwa vizuri huwaangamiza hawa pamoja na wadudu waharibifu, na baadhi ya dawa za kutibu chulebuni na kutu humdhuru kuvu huyu. Anayelazimika kupuliza asome kibandiko, aangalie kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, apulizie mibuni iliyoshambuliwa tu, na avune mboga kwanza.

Neno moja kuhusu miche mipya. Tangu mwaka 2005 TaCRI imetoa aina bora za arabika zinazohimili chulebuni na kutu ya majani, na miche hiyo imewapunguzia wakulima gharama kubwa ya dawa za kuvu. Haihimili ruhuka. Kwa kuwa huzaa sana, tena mapema, humpa chakula zaidi. Anayepanda miche hiyo akidhani amemaliza mambo ya wadudu ataumia kuliko mwenye mibuni ya babu.

Shamba la jirani

Ruhuka huruka na hubebwa na upepo. Kaya moja ikisafisha na tatu zisisafishe, ile moja imefanya kazi ya bure kwa sehemu, na mwaka unaofuata itaacha. Kwa hiyo kipimo sahihi cha kazi hii ni kitongoji. Wakurya wana iritongo, baraza ambamo watu wa eneo hukutana na kukubaliana mambo yanayowahusu wote, na mabaraza ya namna hiyo yamewahi kushughulikia mambo mazito kuliko tunda la kahawa. Baraza likiamua kwamba mibuni yote ya kitongoji itakuwa haina tunda lililobaki ifikapo mwisho wa Julai, kabla mvua za vuli hazijakaribia, uamuzi huo utatekelezwa kuliko waraka wa wilaya. Shamba lililotelekezwa lina njia mbili: mwenyewe akate mashina ili yachipue upya, jambo linaloondoa matunda yote kwa msimu mzima na kumpa mbuni ujana, au ayang'oe. Pale ambapo mwenyewe yuko Mwanza au Dar es Salaam, ndugu aliyebaki apewe ruhusa ya wazi kuchuma na kuuza kwa faida yake.

Lililobaki ni la vyama. Chama cha msingi kinaponunua kahawa bora tu na kufunga mizani siku mavuno makubwa yanapokwisha, kinamwambia mkulima kwamba debe la mwisho halina mwenyewe. Chama kinaweza kuacha mizani wazi wiki tatu zaidi, kikapokea buni ya mabaki na matunda yaliyoelea kwa daraja la chini na bei yake ya chini, lakini kwa fedha taslimu mkononi siku hiyohiyo, ilipwe kwa yule aliyeleta, hata kama ni mama au kijana asiye na jina kwenye daftari la wanachama. Kahawa hiyo ina soko la ndani, kwa wakaangaji wadogo na wauza kahawa wa vijiweni, baada ya kukaushwa vizuri na kuchambuliwa. Hasara ya bei, ikiwapo, ilinganishwe na gharama ya chupa za dawa ambazo wanachama wote watazinunua msimu unaofuata, na hesabu hiyo isomwe katika mkutano mkuu wa chama, mezani pamoja na makopo ya yaliyoelea kutoka kila kitongoji.